Kadude ka Koko kutoka Rubaya

Mimi si muntu wa kusema. Ku masomo, mwalimu akiuliza na mimi najua jibu, ninaangalia ubao mpaka mwingine ajibu vibaya, halafu ninaumia kimyakimya njia yote ya kurudi. Nyumbani wamezoea. Wakitaka kitu kwangu wananipa kazi ya kufanya, juu mikono yangu haina haya kama mudomo wangu.

Njo maana kiko cha Koko kilikuwa kazi yangu. Koko ni mama yake na Papa. Alizaliwa Mpofi, upande wa Walikale, kwa watu wa pori, akaolewa huku Kalembe, Masisi, kwa walima wa milima, na alikuja na desturi moja ya kwao ambayo hakuiacha hata baada ya ubatizo: muzee hajijazii kiko. Anayejijazia anatangaza kwamba hana muntu wake duniani. Kwa hiyo mvua inyeshe, ao mimi niko na interro, ni kusema mutihani, kesho, ninakata jani la tumbaku, ninalisugua mu kiganja mpaka linalainika, ninashindilia na kidole gumba, ninaweka kaa juu. Koko anavuta. Mimi hapana. Siku moja nilipokuwa kadogo nilijaribu kupeleka kiko mudomoni, akanipiga mukono na kusema mujukuu anajaza, havuti, na habari ikaishia hapo.

Tulikuwa sawa hivyo mpaka dada yangu mukubwa alirudi nyumbani kuzaa. Bwana yake anabeba mizigo Rubaya, kule ku milima ya machimbo, na nyumba yao iko ya shitingi, ni turubai tu, upepo unaingia unavyotaka. Mutoto alikuja mbele ya wakati wake. Alikuwa mudogo, mwekundu, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi akilala. Muganga wa santere ya afya alimusikiliza muda mrefu, akasema mutoto atapona, lakini moshi asiusikie kabisa, si wa jiko, si wa tumbaku, na muntu anayevuta asimushike na nguo zake za kuvutia.

Sasa kwetu mutoto hatoki inje hivi hivi. Anakaa mu chumba na mama yake mpaka mwili unakaza, halafu asubuhi moja mwanamuke mukubwa wa nyumba anamubeba mpaka ku kizingiti. Watu wanasimama inje, mumoja anauliza kwa sauti, anayembeba anajibu na jina la nyumba, lile ambalo ni watu wa damu tu wanakuita nalo, na kutoka hapo mutoto ni wa watu wote. Koko alimutoa dada, alitutoa sisi wote. Wanasema mimi nilificha uso kwapani mwake mbele ya jua, na mama anapenda kuongeza kwamba sijautoa mpaka leo.

Dada hakusema kwa ubaya. Alikuwa na woga, macho yake hayakuwa na usingizi. Alimwambia Koko mbele ya mama kwamba na moshi ile hawezi kumupa mutoto, na kama siku ya kumutoa inafika na kiko kingali mudomoni, basi mukwe wake wa Rubaya, mama wa bwana yake, atapanda kuja kumutoa. Koko alikaa jikoni akigeuza viazi ambavyo havikuhitaji kugeuzwa.

Alijaribu. Alichomeka kiko mu paa asubuhi, na jua likiwa katikati alikuwa ameshakishusha na kuniita nijaze. Alikuwa anavuta amesimama nyuma ya nyumba, karibu na dirisha la chumba cha dada, kichwa upande, anasikiliza ile filimbi ya kifua, na moshi anaupuliza upande mwingine, ku migomba, kama vile migomba haina kifua. Nilimuona hivyo mara nyingi. Na kile kiko ni mimi niliyekuwa nimejaza.

Halafu Papa mudogo, ndugu mudogo wa Papa, akafika kutoka Rubaya juu ya moto, pikipiki yake. Yeye anauzia wachimbaji vitu vya simu: waya, betri, taa za kichwa. Akatoa mufukoni kitu kadogo kama kibiriti, rangi ya buluu, kanang'aa. Kako na mudomo wa plastiki, kako na kadirisha pembeni ambako unaona maji yake, na chini kako na tundu ya kuchajia kama ya simu. Ni sigara ya umeme, akasema. Vijana wa Rubaya wanaita chicha ya mufuko, shisha ya kubeba. Maji yakiisha unajaza tena kutoka ku chupa, hautupi. Hakuna moto, hakuna majivu, hakuna moshi.

Akavuta mara moja kutuonyesha, na Papa akauliza ile nyeupe inayotoka ni nini basi.

"Muvuke ya maji," Papa mudogo akajibu. "Kama ya sufuria. Koko atavuta hata juu ya kitanda cha mutoto."

Nilimuona dada anapumua. Nilimuona Koko anakaa wima. Papa, yeye, haamini kitu kinachotoka mu mufuko wa mudogo wake. Akasema kipimwe kwanza, kitumiwe siku za kawaida, mvua na jua, halafu tuambiwe. Na nyumba hii iko na muntu wa shule. Wote wakaniangalia, na mimi nikaangalia miguu yangu.

"Vuta kidogo uonje," Papa mudogo akaniambia, ananinyooshea. "Utaeleza namna gani kitu haujaonja?"

Koko alikanyakua mbele mukono wangu haujatoka.

"Hapa mutoto havuti. Yeye atajaza, mimi njo nitaonja. Kama ni sumu, ianzie kwa mwenye kuzeeka."

Basi tukaanza kukapima, mimi na yeye. Kwanza ilibidi ajifunze kuvuta. Alivuta na nguvu ya kiko, mashavu yakaingia ndani, akakohoa mpaka kuku wakakimbia. Baadaye akajua kuvuta polepole kama muntu anayekunywa uji wa moto. Nikamuuliza iko namna gani. Akafikiri, akasema, "Ni kama kula mu ndoto. Tumbo inaamka na njaa."

Mikono yake haikuamini kwamba si kiko. Akimaliza, alikagonga ku jiwe la mulango kutoa majivu, na majivu hayakuwepo, na mimi ninakimbia kukaokoa. Kidole gumba kilitafuta mahali pa kushindilia. Asubuhi ya baridi nilikakuta kamelazwa pembeni ya makaa, kapate joto, na nikakatoa haraka juu ndani kako na betri. Lakini kujaza nilipenda. Kako na kifuniko cha mupira pembeni. Unakafungua na kucha, unaingiza ncha ya chupa, unaminya polepole, unangoja pamba ya ndani inywe, halafu njo unamupa. Ukiharakisha, anavuta anapata ladha ya nguo iliyoungua, na anakuangalia wewe. Ilikuwa kazi yangu ileile, bila kaa.

Mabaya nayo yalikuwepo. Kalikuwa kanavuja. Koko alikafunga kamba akakavaa shingoni, chini ya rozari, na maji yake yakashuka mu kikwembe, kitenge chake, harufu ya bonbon, ya peremende. Mu kanisa mama mumoja aligeuka kutafuta nani analisha watoto sukari mu misa. "Leo ninanuka kama bibi-arusi wa mujini," Koko akasema, na hakukasirika sana.

Kibaya zaidi kwangu mimi kilikuwa betri. Kwetu hatuna umeme. Unapeleka ku sentere, kule madukani, kwa kijana mwenye plake, paneli ya jua, anachaji simu za watu wote. Na pale pembeni njo wanakaa motari, vijana wa moto, wanangoja abiria. Fikiria mimi, na yunifomu, ninatoa kitu kile mbele yao.

"Mama Chicha amefika," mumoja akasema. "Muachie nafasi."

"Kumbe masista wa kimya njo wanavuta."

Nilisema ni ya Koko. Nilisema polepole sana, na wakacheka zaidi, juu nani anaamini neno kama lile. Kutoka siku ile kila nikipita walikuwa wanapuliza hewa kwa midomo. Nilianza kuzunguka nyuma ya kanisa. Sikueleza nyumbani, lakini Koko aliona matope tofauti ku viatu vyangu, akauliza, na kwake sijui kuficha. Kesho yake akajifunga kikwembe cha siku kuu akanisindikiza. Alipofika mbele ya motari wale akasimama, akakatoa chini ya rozari, akavuta taratibu, akawapulizia wingu moja nyeupe kubwa, moto zote zikapotea ndani yake. Wingu lilipoondoka akawauliza ni nani alikuwa anamutafuta Mama Chicha. Kijana wa plake alianguka chini kwa kicheko. Mimi nilitamani ardhi inifunike, na wakati uleule sijawahi kutembea na muntu nikiwa na furaha vile.

Lile wingu njo lilinifikirisha. Muvuke wa sufuria ninaujua. Huu wa Koko ulikuwa unakaa, haupotei.

Mu chumba cha mbele tuko na kipande cha kioo ambacho mama anachania nywele. Koko alikuwa anapenda kukaa pale jioni na kadude kake, na nikaona kioo kinakuwa na ukungu ambao hautoki. Nikapitisha kidole: mafuta kidogo, yanashika, harufu ya bonbon. Nikasafisha upande mumoja, nikapumua juu yake pumzi yangu. Kukawa na ukungu, ukakauka, kioo kikabaki safi. Basi pumzi yangu ilikuwa maji. Ile yake ilikuwa maji na kitu kingine. Nikatafuta ile chupa. Kuandikwa kumeandikwa ku chupa wazi kwa Kifaransa, si siri: nikotini, weka mbali na watoto. Ni kwamba mu nyumba hakuna aliyekuwa ameisoma. Tulikuwa tumeamini mudomo wa Papa mudogo.

Hapo nikawa na jibu, na hakuna aliyeniuliza. Ilikuwa kama ku masomo kabisa.

Siku ya yenga, ni Jumapili, baada ya misa, kifua cha mutoto kilikuwa kimetulia kidogo. Dada alitoka naye mpaka chumba cha mbele, amemufunika vizuri, na akasema Koko amushike sasa, juu moshi imekwisha. Papa mudogo alikuwepo, mwenye kiburi cha muntu ambaye alileta dawa. Koko alikuwa amekaa ku kiti, mikono imeshafunguka, na kadude kananing'inia shingoni mwake palepale ambapo kichwa cha mutoto kilikuwa kinakwenda kulala.

"Si maji," nikasema.

Sikujua kama nilisema mu kichwa ao mu mudomo, lakini wote waligeuka. Nikachukua kioo ku ukuta. Papa mudogo akaniuliza kama najua kuliko wale waliokitengeneza. Mimi nikasafisha kioo na nguo yangu na kumunyooshea Koko, nikamwomba apulizie nusu moja. Akavuta, akapuliza. Mimi nikapumua ku nusu ingine. Tukakiweka juu ya meza tukangoja. Upande wangu ukakauka. Upande wa Koko ukabaki na ngozi yake, na jua la dirishani likaionyesha vizuri kuliko nilivyotamani.

"Hii inabaki ku kioo," nikasema. "Itabaki mu kifua cha mutoto."

Na nikasoma chupa, kwa sauti, Kifaransa halafu Kiswahili. Ndani iko tumbaku ileile, nguvu yake, bila majani.

Dada akamurudisha mutoto kifuani mwake. Hakumuangalia Koko. Koko akagusa kioo na kidole, akanusa, akafunga mikono yake polepole kama muntu anayekunja nguo, akatoka. Papa alisema kazi nzuri. Mimi nikarudisha kioo ku ukuta.

Koko aliniita nyuma ya jikoni, mu shamba lake la tumbaku.

"Umenitoa mutoto mu mikono mbele ya watu."

"Ndiyo, Koko."

"Sawa. Njo kazi walikupa. Sasa sema yote. Kadude kale kako na faida gani?"

Nikamwambia kama nilivyoona. Kwamba hakana kaa wala majivu. Kwamba kikohozi chake cha asubuhi kimepungua, lakini sijui kama ni juu ya kadude ao ni juu ya kuacha kiko. Kwamba kanavuja, kanataka plake, kanataka chupa kutoka Rubaya, na njia ya Rubaya leo iko, kesho haiko. Kwamba labda kwa kifua chake ni afazali kuliko kiko, mimi si muganga. Na kwamba kwa mutoto hakafai.

"Na kama sivuti kitu kabisa?"

"Basi hakuna wa kukukataza."

Akaangalia majani yake makubwa ya kijani. Akasema atashuka na kadude kama muntu anavyoshuka ku muti, anaweka muguu huku, anautafutia mwingine chini, mpaka udongo. Papa mudogo alikuwa ameacha chupa zingine zenye nguvu kidogo, na moja ambayo haina nikotini. Tukaanza na hizo. Alikuwa anavuta mbali, kule ku mupaka wa shamba, halafu anaoga, anabadilisha nguo. Alikuwa mukali. Alimutukana mbuzi, alimutukana Papa, aliitukana mvua ya Masisi, akasema ya Walikale inanyesha kwa adabu.

Halafu njia ikafungwa, kama inavyofungwaga, na chupa zikaisha kabla ya Koko kufika udongo.

Alifanya kitu ambacho ni yeye tu angefanya. Zamani mabibi wa kwao waliloweka tumbaku mu maji, wakavuta yale maji kwa pua. Basi akaloweka majani yake mu kikombe, akachuja na kitambaa, akatia asali ili iwe na ladha ya bonbon, akafungua kale kafuniko ka mupira akajaza mwenyewe. Kadude ni kadude, si kiko, desturi haikuwa imesema kitu. Nilirudi ku masomo nikakuta harufu kama ya mbwa aliyeanguka mu jiko la sukari. Pamba ilikuwa imeungua, kataa kake, ile taa ndogo ya chini, kalikuwa kanawaka na kuzima, kanawaka na kuzima, halafu kakazima. Koko alikuwa anatema mate ku migomba.

"Kamekufa," akaniambia. "Na kalikuwa na roho mubaya mpaka mwisho."

Nilicheka, yeye pia alicheka, na kicheko kilipoisha alinyoosha mukono mu paa la jikoni akatoa kiko. Akakisafisha na ncha ya kikwembe. Akaninyooshea.

"Jaza."

Nilikiangalia. Nilijua uzito wake hata bila kukishika. Nyuma yangu, ku dirisha, mutoto alikuwa analia, na sauti yake siku ile ilikuwa safi, bila filimbi.

"Hapana," nikasema.

Mujukuu hakatai. Mimi sijawahi kumukatalia Koko kitu tangu nizaliwe. Alingoja kama vile sikusikia vizuri, na mukono wake ulibaki hewani na kile kiko.

"Hapana, Koko. Mimi sijazi tena."

Angeweza kuita mutoto mwingine, lakini kazi ilikuwa yangu, na angelazimika kueleza. Angeweza kujaza mwenyewe, majani yalikuwa pale, makaa pale. Aliangalia majani, aliangalia makaa. Uso wake ulikuwa wa muntu mwenye hasira, na niliogopa. Halafu akakichomeka kiko mu paa, mbali zaidi, ambapo mimi sifiki, akakaa chini akaanza kumenya maharagi.

Hakusema na mimi mpaka siku ilipobadilika, na ingine. Akitaka maji alikuwa anamwambia Mama aniambie. Alikuwa anatafuna vipande vya muwa, anatembea shambani bila kazi, mikono nyuma. Kiko hakikushuka. Nilikuwa naangalia ile paa kila nikirudi, kabla ya kuweka kartable ya vitabu chini. Hakikushuka.

Asubuhi ya kumutoa mutoto, mukwe wa dada alikuwa amefika, mama mwenye sauti na kikwembe kipya, amepanda kutoka Rubaya kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na alikuwa tayari. Koko akatoka kuoga. Alisimama mbele ya dada kama mwanafunzi anayekaguliwa. Dada akanusa mikono yake, akanusa nywele zake, akavuta kitambaa cha mabega akanusa na chenyewe. Akanusa tena shingo, mahali pa ile kamba. Mukwe akakohoa kidogo, kuonyesha kwamba yuko.

"Sabuni," dada akasema, na macho yake yakajaa maji. Akamupa mutoto.

Sisi wengine tulitoka tukasimama mu kiwanja. Kilima kilikuwa kinaacha ukungu, majirani walikuwa juu ya njia, na hata motari mumoja wa sentere alikuwa amesimamisha moto yake kuangalia. Koko akafika ku kizingiti na mutoto mukononi, wima, amevaa kile kikwembe cha siku kuu. Ni Papa anayeulizaga. Akafungua mudomo, na Koko akamuzuia kwa kutikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yanatafuta juu ya watu, mpaka yakanifikia nyuma, karibu na ukuta, mahali pangu.

"Leo ataniuliza yule wa kusema hapana," akasema.

Watu wakanifungulia njia. Hakukuwa na kioo cha kushika, wala kiko. Nilijaza kifua hewa.

"Unatuletea nani?"

Motari alisimulia baadaye kwamba sauti ilifika mpaka ku sentere. Huyo ni muongo, lakini ilifika ku njia, mimi mwenyewe niliisikia inarudi. Koko akacheka na meno yake yote yaliyobaki, akamuinua mutoto ku jua, akalitaja lile jina. Siwezi kuliandika hapa, ni la watu wa damu. Mutoto hakuficha uso. Alikunja macho, akapiga chafya, na kifua chake kikapanda na kushuka bila sauti yoyote.